Jina Langu Lilinirudisha Kirumba

Namshukuru Mungu niko hai, na leo nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Wengi wanaonunua kwangu hawajui kwamba niliwahi kulala nje kule Durban, Afrika Kusini, kwenye bustani ya Albert Park na chini ya madaraja karibu na bandari.

Nilifika kwa kudandia malori kupitia Malawi na Msumbiji. Vijana wengi tulitaka kuzamia meli twende Ulaya. Meli ilipokosekana, tukabaki kuosha magari na kubeba mizigo. Asiye na pesa ya chumba alitandika boksi, na polisi wakipita usiku, unabeba boksi lako unahama.

Kilichotuweka pabaya zaidi ni karatasi. Tanzania haina vita, kwa hiyo baadhi yetu tulipoomba hifadhi tulijiandikisha kuwa Warundi. Karatasi yangu ilisema nimezaliwa Bujumbura. Ilinikinga na polisi, lakini ilinifuta kwetu. Ubalozi utamsaidiaje mtu ambaye kwa maandishi si raia wake?

Aprili 2015 Durban ikachafuka. Wageni walipigwa, maduka yakaporwa, tukakimbilia kambi za mahema Isipingo na Chatsworth. Malawi na Zimbabwe zikaleta mabasi kuchukua watu wao. Ubalozi wetu wa Pretoria nao ukawa unaandikisha Watanzania wanaotaka kurudi.

Ofisa aliyenihoji alikuwa mama wa makamo. Aliitazama ile karatasi, akaiweka pembeni.

“Kwenu wapi, mwanangu?”

“Kirumba, mama.”

“Haya, Mwaloni wanauza nini?”

Nikamweleza dagaa wakavu, na magunia yanayopakiwa kwenda Kongo. Akaniuliza shule niliyosoma, mwenyekiti wa mtaa, hata balozi wa nyumba kumi. Kisha akanipa simu nimpigie mama. Mama alilia weee, halafu akaenda kwa mtendaji wa kata kunithibitisha. Ndipo nikapewa hati ya dharura ya kusafiria, yenye picha yangu na jina nililobatizwa.

Serikali haikunipa nyumba wala mtaji. Ilinitambua, ikanifikisha nchini. Nauli ya basi kutoka Dar es Salaam alituma kaka, na dagaa wa kwanza nilikopeshwa na mama mmoja wa hapa Mwaloni. Wenzangu wengine walibaki Durban kwa kuona aibu kurudi mikono mitupu.

Kijana unayefunga mzigo, mwachie mzazi nakala ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Ukifika, jiandikishe ubalozini kwa jina lako la kweli, hata kama huna kibali cha kuishi. Ukikwama, piga simu nyumbani mapema, usingoje mpaka ulale nje. Ubalozi utakuuliza nani anakujua, na huyo mtu yuko kwenu.