Aimbaye na Aliyemtungia: Nyimbo za Filamu za Kihindi na Taarabu ya Mombasa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika harusi za Mombasa methali hii hutimizwa kwa vitendo: mwimbaji wa taarabu anapoukoleza ubeti uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka na kumtunza fedha mbele ya hadhira. Aliyeutunga ubeti wenyewe pengine yumo humo humo ukumbini, amekaa kimya, wala hapana amtazamaye. Methali imemkumbuka mchezaji, haikumkumbuka aliyemtungia. Pengo hilo lastahili kuzingatiwa na mhakiki wa fasihi, kwa kuwa ndani yake mna swali zito: mwenye wimbo hasa ni nani?

Swali hili lilijitokeza waziwazi katika filamu za Kihindi, ambazo nyimbo zake zimesikika katika pwani ya Kenya kwa miongo mingi. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitolewa mwaka wa 1931, na siku hizo mwigizaji alilazimika kuimba mwenyewe huku akipigwa picha. Mwaka wa 1935, katika Dhoop Chhaon iliyotengenezwa Calcutta (leo Kolkata), wimbo ulirekodiwa kando kwanza, kisha waigizaji wakachezesha midomo tu. Tangu hapo kazi ya mtu mmoja ikagawanyika. Mathalan, wimbo mkuu wa filamu ya Awaara (1951) una maneno ya Shailendra, muziki wa Shankar na Jaikishan, sauti ya Mukesh na uso wa Raj Kapoor. Mtazamaji humwona mmoja, ilhali waliomfikishia wimbo ni watano.

Mgawanyo huo wa kazi haukufuatwa na mgawanyo wa sifa. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka wa 1949, santuri ya wimbo wake uliopendwa mno iliandikwa jina la Kamini, yaani mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Mwimbaji halisi, Lata Mangeshkar, hakutajwa, hata wasikilizaji walipoiuliza redio sauti ile ilikuwa ya nani. Baadaye Lata alikataa kuimba katika sherehe ya tuzo za Filmfare kwa sababu waimbaji hawakuwa na tuzo yao. Walitengewa mwaka wa 1959. Mwaka huo huo ndipo mtunzi wa maneno naye alipotambuliwa, na tuzo ya kwanza ikamwendea Shailendra. Ieleweke, basi, kwamba heshima hiyo haikuja yenyewe, ilidaiwa.

Huku Mombasa hali ilikuwa kinyume kidogo: sauti ilitukuzwa, maneno yakakosa mwenyewe. Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014), mzaliwa wa Malindi, alivuma kwa taarabu iliyoyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavika maneno ya Kiswahili. Baadhi ya maneno hayo yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa diwani ya Malenga wa Mvita (1971). Diwanini mshairi huyu huchambuliwa kwa makini, vina vyake na mafumbo yake yakipewa uzito unaostahili. Katika wimbo, malenga yule yule hugeuka kivuli, na jina litajwalo ni la mwimbaji peke yake.

Baadhi ya wahakiki wamezipuuza nyimbo za aina hii kwa hoja kwamba ni nakala. Hoja hiyo haitazami kazi yenyewe. Kihindi hutofautisha irabu fupi na ndefu, na ushairi wake hupima urefu huo. Ushairi wa Kiswahili huhesabu mizani, kila silabi ikiwa mizani moja, na mkazo aghalabu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mahadhi yaliyoshonwa kwa kipimo cha kwanza hayawezi kuvikwa maneno ya kipimo cha pili pasipo fundi. Chukua neno barabara. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, maana yake ni njia kuu. Ukisogezwa hadi silabi ya pili, maana huwa sawasawa. Mwimbaji akirefusha sauti pasipo pake, msikilizaji aweza kupewa njia badala ya sifa. Kwa hiyo mtunzi hulazimika kutafuta neno ambalo mkazo wake utakutana na mahali sauti inaporefushwa, huku akilinda vina, mizani na fumbo lililokusudiwa. Asiyeona usanii katika kazi hiyo hajajaribu kuifanya.

Haifai, hata hivyo, kumtetea mtunzi kwa kumdunisha mwimbaji. Shairi lililoandikwa halipumui mpaka mtu aamue avute pumzi wapi, arudie mshororo upi, na amwelekee nani ukumbini fumbo linapofika. Kwa uamuzi huo mwimbaji huwa mtunzi wa pili, na tunzo anayopewa ni halali yake.

Liko jambo jingine lililo gumu zaidi. Mahadhi hayo yalikuwa na watunzi wake huko Bombay (leo Mumbai), watu wenye majina, waliokesha wakiyatafuta. Wimbo ulipofika Mombasa na kuvishwa Kiswahili, majina yao yalibaki ng'ambo. Adaiye haki ya malenga wa Mvita huku akilinyamazia deni hilo anadai nusu ya haki. Kuazima mahadhi si aibu. Muziki wa pwani umekua kwa kuazima kutoka Uarabuni, Bara Hindi na bara la Afrika kwa pamoja. Aibu ni kuazima bila kutaja.

Kwa mintarafu hii, mwanafunzi wa fasihi anayekusanya nyimbo za taarabu hana budi kuuliza kila wimbo maneno ni ya nani, mahadhi ni ya nani na sauti ni ya nani, kisha ayaandike majibu kando ya ubeti wenyewe. Kazi hiyo haingoji. Habari za nani alimtungia nani zimo zaidi vifuani mwa wazee kuliko vitabuni, na kila mzee anapozikwa, nyimbo kadhaa hubaki bila baba. Sauti zimehifadhiwa katika kanda na zitasikika miaka mingi ijayo. Majina ya watunzi hayamo katika kanda hizo, na yasipoulizwa sasa hapatakuwa na wa kuyajibu.