Kipimo cha Adhabu

Mtu aliyeibiwa si hakimu mwema. Nilijifunza neno hili baada ya usiku mmoja, nyumbani kwetu Malindi katika Mji Mkongwe, mwizi alipoteremka kutoka paa la jirani akachukua dele la shaba la marehemu bibi yangu. Usiku ule ule alivunja nyumba nyingine mbili, naye alikwisha kufungwa mara mbili kwa kosa lilo hilo. Nilipoitwa kutoa ushahidi, moyo wangu ulitamani sheria isiyo na huruma: kifungo kisichopungua, na vifungo vya nyumba tatu vifuatane, kimoja baada ya kingine.

Jirani zetu walikwisha kuijaribu njia hiyo. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kima cha chini cha adhabu. Mvunja nyumba hakupata chini ya miaka 2, pamoja na viboko 24: 12 aingiapo gerezani na 12 kabla ya kutoka. Hakimu aliweza kupunguza pale tu mkosaji alipokuwa wa mara ya kwanza, mali haikuzidi shilingi 100, na palikuwa na sababu maalumu. Mwaka 1972 sheria mpya iliondoa viboko ikazidisha miaka. Mwaka 1989 viboko vikarudi. Mganga abadilishaye kipimo cha dawa kila mara huenda hajaujua ugonjwa.

Kwetu Zanzibar gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na mfungwa huitwa mwanafunzi. Wako walichekao jina hili. Mimi mwalimu wa lugha siwezi, kwa kuwa neno ni ahadi. Mwanafunzi hahitimu kwa kukaa, bali kwa kujifunza; na kifungo kilichopimwa kabla ya mkosaji kujulikana hupima kukaa peke yake. Kijana yule alikaa mara mbili. Alifundishwa nini?

Sisemi mwizi aachwe. Mjane alalaye kwa hofu ana haki ya usingizi. Nilieleza nilichokiona, sikuzidisha. Hakimu aliamuru vifungo vitumikiwe pamoja, nami nikakabidhiwa dele langu. Mlangoni mama yake kijana alilitazama mkononi mwangu, akasema: “Mwalimu, chako kimerudi. Wangu atarudi lini?”

Sikuwa na jibu, na miaka mingi ya kufuatana isingalinipa. Adhabu na iwe na kipimo, lakini kipimo hicho kishikwe na hakimu amwonaye mtu aliye mbele yake. Tukikataa hayo, na tulifute neno chuo langoni.