Kinamasi cha Kupandwa

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Yamkini waliwazia mtungi na mchanga, wala si shamba lililo kwenye mteremko. Maji ya shambani hayaondoki mikono mitupu. Mvua kubwa inaponyesha Kinangop, udongo uliolimwa viazi na kabeji huteremka pamoja na samadi na mbolea ya dukani hadi vijitoni, vijito vikaingia Mto Malewa, nao Malewa ukaitua shehena hiyo katika Ziwa Naivasha. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji hupaa kama mvuke au kupenya chini kwa chini. Tope na sehemu kubwa ya rutuba iliyoibwa mashambani husalia humo, ikilisha mwani na gugu maji.

Zamani lango la ziwa lilikuwa na bawabu. Pale ambapo Malewa na Gilgil huingia ziwani palikuwa na msitu mpana wa mafunjo marefu kuliko mtu, ulioyapokea maji ya tope na kuyalazimisha kwenda aste aste. Sehemu kubwa ya msitu huo imetoweka. Kila kina cha ziwa kilipopungua, nyati na ng'ombe waliyafuata mafunjo wakayala na kuyakanyaga, na majembe yakafuata nyayo zao. Mwaka 1995 Naivasha iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, heshima kubwa kweli, lakini bawabu hakurudi kwa sababu ya cheti.

Ndipo baadhi ya mashamba ya maua ya kando ya ziwa yalipoamua kumwajiri bawabu mwingine, mdogo, ndani ya mipaka yao. Huchimbwa mabwawa ya kina kifupi yanayofuatana, yakapandwa mafunjo, matete na mimea mingine ipendayo maji, kisha maji machafu ya shamba yakaelekezwa humo kabla ya kuachiliwa. Wazo hili si geni. Käthe Seidel, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, alikuwa akilifanyia majaribio tangu miaka ya 1950, wakati ambapo wahandisi wengi waliamini kwamba maji husafishwa kwa saruji na mitambo tu.

Siri yote iko katika kuchelewa. Maji yaendayo polepole huangusha tope lake. Mizizi na mashina yaliyozama huwa makazi ya bakteria wasiohesabika, na katika tope lisilo na hewa wamo wanaopumua kwa kuinyang'anya naitreti oksijeni yake. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ile ile iliyojaa hewani, nayo hupaa bila kumdhuru yeyote. Mbolea ambayo ingelisha mwani ziwani inarudi angani ilikotoka.

Fosforasi ni mkaidi zaidi. Yenyewe haina njia ya angani. Hushikamana na tope au hunywewa na mimea, na mimea ikiachwa ikafa na kuoza palepale, deni linarudi majini. Kwa hiyo kinamasi cha kupandwa hudai jembe na panga mwaka baada ya mwaka: mimea ivunwe, tope lizolewe. Wanaokisifu kana kwamba ni mashine inayojiendesha wanakikosea heshima.

Viumbe hawasubiri kualikwa. Vyura hutangulia, kereng'ende wakaja, kisha mdiria akatua juu ya tete akitazama majini. Hofu ya mbu ni ya haki, maana maji yaliyotuama ni kitalu chao. Lakini penye samaki wadogo na watoto wa kereng'ende, viluwiluwi vya mbu huliwa kwa wingi. Dimbwi la nyayo za ng'ombe, lisilo na mla mbu hata mmoja, aghalabu ni hatari zaidi.

Lugha nayo ina lawama yake. Kinamasi ni neno linalonuka tope na utelezi. Nani atake kuwa nacho shambani? Wataalamu wakaleta ardhioevu, neno safi la warsha na ripoti, ambalo mkulima halitumii anapomtafuta ndama aliyezama. Heri kinamasi kisafishwe jina kwa kazi yake.

Hata hivyo, kampuni ya maua yenye mamia ya ekari haioni uchungu wa kutoa kipande kwa ajili ya mafunjo. Mwenye ekari mbili Kinangop huuona. Maji ya mashamba manne yaliyopangana mteremkoni hukusanyikia kwa yule wa chini kabisa, na ni kona yake ndiyo ifaayo kuchimbwa. Akiitoa, yeye hupoteza mistari ya kabeji, majirani zake hawapotezi kitu, na faida huwafikia wavuvi wa ziwani asiowajua. Katika bonde hilo hilo, watumiaji wa maji wa kando ya ziwa wamewahi kuwalipa wakulima wa juu kwa kupanda nyasi na miti ya kuzuia mmomonyoko. Kinamasi kinastahili kuingizwa katika hesabu hiyo, na yule wa chini kabisa mteremkoni aulizwe bei yake kabla ya mchimbaji kufika na sepetu.