Joto la Nyuma ya Friza

Saa moja asubuhi diko la Mkokotoni, Unguja, limeshachangamka. Mashua za Tumbatu zimetia nanga, changu na tasi wamemwagwa sakafuni, na mnadi sauti imeshamkauka. Mimi nilivutwa na kibanda cha barafu. Bi mkubwa mwenye nacho alikuwa akipiga mabonge kwa mchi, wavuvi wamempangia ndoo. Nikaegemea friza yake kwa nyuma, nikaruka.

"Hapo pana moto, mwanangu," akacheka. "Baridi iko huku mbele, joto lote linatokea huko."

Alfajiri ile nilikuwa nimeiuliza akili mnemba ya simuni saa ya maji kujaa. Jibu lilitoka ng'ambo, kwenye jumba la kompyuta ambalo ni friza ya bi mkubwa iliyokuzwa: umeme unaoingia karibu wote huishia kuwa joto, kisha unatakiwa umeme mwingine wa kulifukuza.

Na umeme wenyewe, Unguja inaletewa kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba. Ule wa kwanza, wa 1980, ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Wa pili, wa 2013, unabeba megawati 100. Sasa tazama: Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 walitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, Kenya, cha kutumia umeme wa mvuke wa ardhini. Awamu ya kwanza peke yake, megawati 100. Waya mzima, kwa kituo kimoja! (Bi mkubwa nilipomweleza aliuliza kama wanauza barafu.)

Pembeni kidogo akina mama walikuwa wakichemsha dagaa kwa maji ya chumvi, moshi wa kuni ukiwatoa machozi, kisha wanawamwaga kwenye chanja. Wingu likapita. Wote wakainuka mbio na maturubai. Dagaa akikosa jua siku mbili anavunda, na bei yake inakuwa ya chakula cha kuku.

Hapa joto kavu ni fedha. Wenzetu wa Odense, Denmark, wanapasha nyumba zao kwa joto la kituo cha data cha Meta. Sisi baridi ya kupasha hatuna, lakini dagaa wa kukausha tunao. Kwa hiyo atakayekuja pwani yetu na ramani ya jumba kama hilo, kabla hajapewa kiwanja aulizwe: joto lako umepanga kulipeleka wapi?