Kilemba Huficha, Hakitibu

Akina mama wenzetu, liko tatizo ambalo wengi wetu hulificha kuliko hata kidonda. Mama atafika kliniki na kueleza habari za kikohozi cha mtoto, maumivu ya mgongo na miguu kuvimba, lakini kilemba hakivui. Sisi ambao tumefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na ambao Jumamosi hujitolea kuzungumza na akina mama wa kanisani petu juu ya afya, tumejifunza kuuliza kwa upole, "Na nywele je, dada?" Mara nyingi hapo ndipo machozi huanza.

Si jambo dogo. Tulimhudumia mama mwenye mtoto wa miezi mitatu ambaye nywele zilimtoka mafungu kwa mafungu kila alipochana. Majirani wakanong'ona kwamba ana UKIMWI. Wifi yake akayapeleka maneno hayo kwa kaka yake, na mume akaanza kulala sebuleni. Nyumba ilikuwa inabomoka kwa sababu ya kichanuo! Tulimwomba mama huyo aje na mumewe. Kadi ya kliniki ilionyesha kwamba alipimwa akiwa mjamzito na hakuwa na virusi. Hata hivyo tuliwashauri wapime tena wote wawili, ili neno hilo lizikwe kabisa. Walikubali, na majibu yao yalikuwa mazuri. Ndipo tukawaeleza kinachotokea.

Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000, na kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kwa miezi kama mitatu, kisha huanguka ili mwingine uote. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nyingi zisianguke. Mama akishajifungua, nywele hizo huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi 2 hadi 4 huanguka kwa pamoja. Hali hii haihitaji dawa. Aghalabu nywele hurudi katika miezi 6 hadi 12. Ndivyo inavyokuwa pia baada ya malaria kali, upasuaji, msiba mzito au kujinyima chakula ili kupunguza mwili. Mama yule hakupewa chupa yoyote. Alipewa maelezo, na mumewe akarudi chumbani.

Lakini nywele zikiendelea kupungua, au ukiwa mchovu, unapata hedhi nzito, moyo unakwenda mbio au unasikia baridi kuliko wenzako, hatuna budi kupima damu. Upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi ya shingoni hupunguza nywele, na vyote viwili vina tiba. Vidonge vya kuongeza damu vitumike baada ya kipimo, si kwa kubahatisha. Vile vidonge vya vitamini vya "kukuza nywele" havimsaidii mtu ambaye mwili wake haujapungukiwa na kitu.

Sababu ya pili tunaitengeneza wenyewe. Msuko unaovuta hadi macho yanainuka, rasta nzito, na nywele za bandia zilizoshonwa juu ya nywele ambazo zimewekwa dawa juzi, vyote hung'oa nywele kidogo kidogo, hasa kwenye paji la uso na pembeni juu ya masikio. Ukisuka na usiku ukameza dawa ya maumivu ili upate usingizi, msuko huo umekuumiza. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele ni onyo. Ukifumua mapema na kuacha kuvuta, nywele huota tena. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa, na hapo hakuna mafuta yatakayoyafufua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuwalinde na binti zetu wadogo, kwani wao hawana sauti mbele ya msusi.

Kuna aina nyingine inayowapata zaidi wanawake Waafrika. Huanzia utosini na kupanuka kama mduara, wakati mwingine kwa kuwasha au kuchoma, na huacha ngozi laini inayong'aa. Hiyo ni kovu linalokula mashina ya nywele. Daktari wa ngozi anaweza kuizuia isienee kwa dawa za kupaka, vidonge au sindano za utosini, lakini palipokwisha kuwa kovu nywele hazirudi kwa dawa. Ndiyo maana tunasema kila mwezi una thamani. Kwa Tanzania, Moshi pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na madaktari wa fani hiyo hupatikana katika hospitali kadhaa kubwa. Omba barua ya rufaa mapema.

Sasa tuwataje na akina baba. Upara wa kurithi huanza kwenye pembe za paji la uso na utosini. Hurithiwa upande wa baba na wa mama pia, kwa hiyo wakwe wasilaumiane! Nasi wanawake huturithi, ila kwetu mstari wa kugawanya nywele ndio unaopanuka. Dawa inayojulikana zaidi ni minoksidili ya kupaka. Kwanza ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, ikaonekana wagonjwa wanaota nywele. Marekani iliiruhusu kwa upara wa wanaume mwaka 1988, na kwa wanawake mwaka 1991. Kwa kawaida wanawake huanza na ya asilimia 2, mara mbili kwa siku, na wanaume hutumia ya asilimia 5. Wiki za mwanzo nywele huweza kuanguka zaidi, usiogope. Subiri walau miezi minne kabla ya kuihukumu. Ukiiacha, kilichoota huanguka tena, basi piga hesabu ya fedha kabla ya kuanza. Ikitiririka usoni huotesha ndevu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Wanaume wana pia kidonge cha finasteridi cha miligramu 1, kilichoruhusiwa Marekani kwa upara mwaka 1997. Baadhi yao hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, hivyo ni haki ya mke na mume kulizungumza kabla. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, maana kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Baba wa nyumbani kwetu aliposikia habari zote hizi alicheka, akachukua wembe, akanyoa kichwa chote. Tunakiri kwamba anapendeza. Hiyo nayo ni tiba, tena haina madhara.

Mtoto akiwa na mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo huenda ni mapunye. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwani fangasi wamo ndani ya unywele. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari, na vitana visichangiwe. Kiraka cha duara kilicho laini, kisicho na magamba, ni ugonjwa mwingine, ambapo kinga ya mwili hushambulia nywele zake yenyewe. Mara nyingi hurudi, na huo pia una tiba hospitali.

Mwisho, tuwe macho na chupa zisizo na maandishi. Tumemwona mama aliyetoa ada ya shule ya mtoto kununua mafuta ya "kuotesha kwa wiki mbili". Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ahadi hiyo ni uongo hata kabla ya kufungua kifuniko. Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele, lakini hayajathibitishwa kwamba huzifufua.

Basi wiki hii, dada mpendwa, mwombe mumeo au rafiki akuangalie utosini na pembeni mchana kwenye mwanga, nawe mwangalie yeye. Ukiona ngozi inang'aa, kuwashwa kusikokwisha au kiraka kinachopanuka, nenda hospitali ukavue kilemba mbele ya daktari. Mficha maradhi kilio humfichua. Tena tukimwona mwenzetu nywele zimepungua, tumuulize hali yake kwa upendo kabla ya jirani hajamtungia ugonjwa.