Kila Kikipotea Kitu, Wanamwangalia Mume Wangu

Kuna wanawake ambao mume akichelewa kurudi wanawaza nyumba ndogo. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine kabisa. Mume wangu akichelewa, naomba tu mtaani kusiwe kumeibwa kitu. Kibaka akipora simu mtaa wa pili, mimi tumbo linanikata, kwa sababu najua haitapita nusu saa kabla mtu hajauliza: "Hivi yule Msomali yuko wapi?"

"Msomali" mwenyewe ndiye huyu baba wa mwanangu. Mweusi tii, mshabiki wa Yanga wa kufa mtu, hodari wa ugali na mlenda, kazi yake ni ufundi wa kompyuta. Ukipishana naye Kariakoo utasema huyu ni mtoto wa Handeni. Na wala hutakuwa umekosea sana.

Mzigua wa Jilib

Mimi ni Mzigua wa Kang'ata, ile kata ya Handeni unayoipita ukienda Turiani. Mume wangu naye ni Mzigua, ila alizaliwa Jilib, bonde la Mto Juba, kusini mwa Somalia. Najua msomaji wangu unashangaa. Hata mimi siku ya kwanza aliponisalimia kwa Kizigua nilicheka, nikadhani kajifunza ili anipate!

Habari yenyewe si ya kuchekesha. Katika karne ya 19, enzi za biashara ya watumwa, watu wengi wa kwetu walichukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Wazee wanasimulia njaa kali ya miaka ya 1830. Kuna waliouzwa, na kuna waliodanganywa kwamba kule kuna kazi na chakula. Wakafanyishwa kazi za utumwa mashambani kando ya Mto Shebelle. Baadaye wengi walitoroka, wakaingia kwenye misitu ya Mto Juba, wakalima, wakazaa, na Kizigua chao wakakihifadhi. Vizazi vikapita.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka na vita vikawakuta. Hawa hawakuwa na jeshi la koo kubwa la kuwalinda, ila ghalani walikuwa na chakula. Unaweza kukisia kilichotokea. Wengi walikimbilia Kenya. Wengine, pamoja na wakwe zangu wakiwa na mtoto wa miaka minne mgongoni, walikuja Tanga. Walipokewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilaya hiyohiyo. Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Fikiria, watu wanarudi walikotoka babu zao baada ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na lugha wanayo mdomoni!

Bibi yangu pale Kang'ata alipomsikia akiongea, aliweka ungo wa mahindi chini. Akamuuliza ukoo wa mama yake, kijana akautaja. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu anaongea kama marehemu bibi yangu. Mleteeni kiti."

Aliyegoma ni mjomba. "Mwanangu, watu wa Chogo hao. Tangu waje, kuku hawakai bandani."

Bibi akamgeukia. "Na kabla hawajaja, kuku wako walikuwa wanaliwa na nani?"

Kikao kizima kicheko. Mjomba naye akacheka, akapokea mahari.

Kijijini kwetu mwizi ana kabila

Simsemi mjomba kwa ubaya. Ndivyo tulivyozoea wengi wetu. Kang'ata ya leo si ya Wazigua peke yao. Wapo Wanguu, wapo Wasambaa wenye maduka, wapo Wamasai na ng'ombe wao. Tangu dhahabu ya Magambazi ivume, wameongezeka watu kutoka kila kona ya nchi. Basi mahindi yakiliwa shambani usiku, ni Wamasai. Pikipiki ikiibwa, ni wachimbaji, watu wa kuja hao. Kuku akipotea, ni Chogo. Ila wewe ukae usikilize siku mwizi akikamatwa na ikawa ni kijana wetu. Hapo utasikia, "Ah, si yule mtoto wa fulani, tangu utotoni alikuwa mtundu." Kabila linayeyuka, linabaki jina.

Hilo ndilo ninalotaka tuliangalie leo. Mwizi wa kwetu ana jina. Mwizi wa kwao ana kabila.

Usiku ule

Tulipohamia nyumba ya kupanga, hapa hapa Dar, mume wangu alipendwa kuliko mimi. Televisheni ya jirani ikigoma, aitwe yeye. Mtoto wa mama mwenye nyumba akikwama hesabu, aitwe yeye. Ikawa hivyo mwaka mzima, mpaka siku tulipojaza daftari la wapangaji. Mahali pa kuzaliwa: Jilib, Somalia. Mama mwenye nyumba akasoma kwa sauti, akarudia. Jioni hiyohiyo uwanja mzima ulikuwa unajua.

Hakuna aliyetukana. Ila nguo zetu zilianza kuanikwa peke yake kwenye kamba. Mlango wa jirani ambao haukuwahi kufungwa ukapata kufuli. Na "baba fulani" akageuka "yule Msomali".

Miezi mitatu baadaye, nyumba mbili za mtaa wetu zikavunjwa usiku mmoja. Zikaibwa simu, televisheni na mtungi wa gesi. Kesho yake saa tatu usiku nikasikia hodi ambayo si hodi. Vijana wanane, wawili wana marungu. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku kazini. Ndani niko mimi na mtoto wa miaka miwili.

"Shemeji, tunataka kumsachi Msomali."

Msomaji, unajua neno "mwizi" linafanya nini katika jiji hili. Likishatamkwa kwa sauti na watu wakashika mawe, hakuna anayeuliza kitambulisho. Magazeti yetu yana sentensi yao tayari: "wananchi wenye hasira kali". Hasira ya wengi, kifo cha mmoja, na mara nyingi kesi haina mshitakiwa. Niliwaza kitu kimoja tu: angekuwepo je? Angetoka mlangoni na kile kiburi chake cha kudai haki je?

Sikufungua. Niliwasha taa zote, nikampigia mzee mmoja anayeheshimika pale mtaani. Akaja na kanzu yake ya kulalia. Akawauliza swali moja: "Nani alimwona?" Kimya. "Kilichoonekana ni nini?" Kimya. Akawaambia anayetaka kupekua aje mchana na polisi. Wakaondoka mmoja mmoja huku wakinung'unika.

Baada ya wiki mbili wezi wakakamatwa. Vijana wawili wa mtaa wa tatu. Mmoja wao, nilipomsikia akijitetea, nikaijua lafudhi hapohapo. Mzigua. Mtoto wa Handeni, mtu wangu kabisa!

Unadhani kuna aliyekuja kugonga mlango kusema anataka kumsachi Mzigua? Hakuna. Walisema tu, "Kale katoto ka yule mama wa genge."

Nywele ngumu, ngozi nyeusi, pasi ya kusafiria

Mume wangu anasema yeye ameshazoea, kwa sababu jina linabadilika kila mpaka. Kule Somalia, kwa weusi wake na nywele zake, watu kama yeye waliitwa "jareer", yaani wenye nywele ngumu. Wengine walienda mbali zaidi wakawaita watumwa. Hakuhesabiwa Msomali wa kweli. Kuvuka tu huku, akawa Msomali kuliko Wasomali.

Na jina hilo lina gharama. Aprili 2014, baada ya milipuko ya mabomu Eastleigh, Nairobi, serikali ya Kenya ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengine wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani. Wauaji waliotafutwa walikuwa wachache. Waliolala chini ya ulinzi walikuwa akina mama, wauza nguo na wanafunzi.

Ndugu zake wengine walipelekwa Marekani. Kuanzia 2003 nchi hiyo ilipokea zaidi ya watu 12,000 wa jamii yao kutoka kambi za Kenya. Binamu yake yuko Lewiston, jimbo la Maine, mji ambao mwaka 2002 meya wake aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuhamia huko. Mwaka 2018 mtu mmoja alifariki baada ya mapigano ya usiku karibu na bustani ya Kennedy Park katika mji huo. Binamu anasema wiki hizo hata kwenda kununua maziwa ilikuwa kazi, kila jicho lilikuwa mgongoni mwake. "Kule nilikuwa mweusi mno," alituambia kwenye simu. "Kambini nilikuwa mkimbizi. Huku nikiingia dukani mlinzi ananifuata kwa sababu ni mweusi, nikitoka ananitazama kwa sababu ni Msomali. Mimi nilitaka maziwa tu!"

Tulicheka. Baada ya simu kukatika hatukucheka tena.

Kwa mlio kwenye ndoa kama yangu

Wengi wenu mmeoana au mnakaribia kuoana na mtu ambaye mtaani kwake, au kwenu, ana sifa iliyoandikwa kabla hajafika. Mchaga mpenda hela, Mkurya mgomvi, Mzigua mchawi (ndiyo, na sisi tunalo letu!). Machache yaliyotusaidia sisi ni haya.

La kwanza, wa kusema na ndugu zako ni wewe. Mjomba akianza mambo yake, usimwachie mwenzio ajitetee ugenini. Akijitetea mwenyewe anaonekana mkorofi. Ukimtetea wewe, ni familia inajadiliana.

La pili, msifiche asili. Kuna rafiki alitushauri tuandike "Handeni" kwenye daftari, yaishe. Tulikataa. Siri kama hiyo ikifichuka siku ya wizi inakuwa ushahidi.

La tatu, jengeni jina kabla ya balaa. Hudhurieni misiba, vikao vya mtaa, usafi wa mitaro. Sisemi mjipendekeze. Ila usiku ule kilichotuokoa ni kwamba yule mzee alikuwa anamjua mume wangu kwa jina, na simu yake nilikuwa nayo.

Najua kuna atakayesema: dada, wezi wapo, tusiwaogope? Tuwaogope, tena tuwakamate. Na mimi nimeibiwa, pochi nzima, mchana kweupe pale Ubungo. Ndiyo maana nataka mwizi halisi akamatwe. Wale vijana wanane walipopoteza usiku mzima na mlango wangu, wezi wenyewe walikuwa mtaa wa tatu wanatafuta mteja wa televisheni.

Kwa hiyo siku mkiibiwa, na Mungu apishe mbali, anzeni na maswali ya yule mzee. Nini kimepotea? Saa ngapi? Nani aliona, na aliona nini? Kabila halijawahi kuruka ukuta wa mtu. Anayeruka ni mtu mmoja mwenye miguu miwili, na ana jina lake.