Nilikikata Kicheko

Kosa hili ni langu, ila aliyelaumiwa ni mtu mwingine.

Kikundi chetu kiliandaa Crimes of the Heart, tamthilia ya Mmarekani Beth Henley, kwa tafsiri niliyoifanya mwenyewe. Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwanza Louisville mwaka 1979, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1981 hata kabla ya kufika Broadway. Mambo yote hutokea katika jiko la nyumba moja mjini Hazlehurst, Mississippi. Mabinti watatu wa Magrath wanakutana tena pale walipolelewa na babu yao baada ya mama yao kujinyonga. Lenny, mkubwa, anatimiza miaka 30 na wadogo zake wamesahau. Ndiye aliyebaki kumuuguza babu. Meg amerudi kutoka California alikokwenda kutafuta riziki ya uimbaji. Babe, kitinda mimba, ametoka kwa dhamana baada ya kumpiga mumewe risasi.

Niliipendea vinyongo vyake vidogo. Lenny, mtu mzima, bado anaumia kwamba utotoni Meg aliruhusiwa njuga 12 kwenye gauni lake la ndani, yeye na Babe wakapata tatu tatu. Mwenye ndugu anaujua uchungu wa njuga hizo.

Sehemu ya tatu, Meg anarudi asubuhi akiwa ameamua kumweleza babu ukweli kuhusu maisha yake, hata kama habari hizo zitampotezea fahamu. Hajui kwamba babu amekwisha kupoteza fahamu usiku ule. Lenny na Babe wanaangua kicheko, wanashindwa kukizuia.

Nilikikata. Niliwaambia waigizaji kwamba kwetu mgonjwa mahututi hachekwi, nikaweka kilio na kukumbatiana. Aliyeigiza Lenny alinipinga. Alisema hapo ndipo dada hawa wanapopatana, kwa kuwa hakuna mwingine duniani aliyeishi chini ya babu yule ila wao. Sikumjibu hoja yake. Nilimkumbusha nani ni mwongozaji.

Usiku wa onyesho, watazamaji walitufuata mpaka pale, kisha wakaanza kunong'onezana. Keki ambayo wadogo wanamletea Lenny mwishoni ilikosa maana, kwa kuwa watazamaji hawakuona dada hao walipatana lini. Baada ya pazia nilimwambia mwigizaji yule, mbele ya wenzake, kwamba ameshindwa kulia kwa dhati. Hakurudi tena kikundini.

Hoja yangu ya mila ilikuwa uongo, na nilijua. Nimekulia Tanzania. Nimewaona watani wakiingia msibani, wakiigiza mwendo na usemi wa marehemu, wakizuia jeneza mpaka walipwe, na wafiwa wakicheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyewaona wamekosa adabu. Wasingekuja ndipo watu wangeuliza. Mila niliifanya ngao. Kwa kweli niliogopa kicheko kile kwa sababu ni kigumu kukiongoza kuliko kilio: kikizidi kidogo kinakuwa dhihaka, kikipungua kinakuwa aibu, na mimi sikujua kipimo chake. Mwigizaji yule alikijua.

Nimemwandikia nikamweleza haya bila kupunguza. Hajajibu, wala hana deni la kunijibu. Wenzake waliokuwepo usiku ule nimewakusanya nikawaambia alikuwa sahihi, na kwamba udhaifu wa onyesho ulitoka kwangu. Kurasa nilizoziondoa nimezirudisha kwenye muswada.